Umeuziwa gari mbovu Kenya? Fuata hizi hatua kabla fundi hajafungua injini

Mimi ni fundi, si wakili, niseme hivyo mapema kabisa. Kazi yangu hapa Mombasa ni kukagua magari kabla watu hawajalipa, na siku hizi naitwa kortini mara kwa mara kueleza gari ilikuwa na shida gani na ilianza lini. Sheria ya kumlinda mnunuzi iko, tena nzuri tu, lakini mtu anakuja na injini ishafunguliwa, spea za zamani zishaenda skrapu, na hana karatasi hata moja. Hapo hata mimi nikisimama sina la kusema.

Hatua ya 1: Zima gari, chukua simu

Wiki tatu baada ya kununua, mwalimu mmoja kutoka Likoni gari yake ilichemka pale kwa foleni ya feri. Akapigia yadi, yaani wale waliomuuzia gari, akaambiwa "mwalimu, ongeza maji tu, hizi gari za Japani ni hivyo mpaka zizoee joto la Pwani." Sasa gari izoee joto kama mtalii! Bahati nzuri akaniita mimi kabla ya kufungua kitu. Nikatoa kifuniko cha oili, chini yake kumejaa uji rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwa oili. Tukapiga picha kifuniko, dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili), namba ya chesisi, na kilomita kwenye dashibodi, halafu video ndefu moja bila kukata, kuanzia namba ya gari mpaka kwa injini ili mtu asije kusema ni gari ingine.

Fanya vivyo hivyo. Usibadilishe kitu, usifute taa ya injini kwa mashine ya kuskani, na kama ni lazima ifunguliwe mwandikie muuzaji kwanza umpe siku aje aone. Akikataa kuja, hiyo meseji ya kukataa ni mali, itunze.

Kama unashuku gari ililala kwa mafuriko, vuta mshipi wa kiti mpaka mwisho kabisa uangalie kama kuna alama ya maji, kisha inua kapeti chini ya kiti uguse kwa mkono. Watu wa yadi wanaosha kila kitu lakini mwisho wa mshipi huwa wanausahau.

Hatua ya 2: Aliyekuuzia ni nani hasa?

Hapa ndio watu wengi wanachanganyikiwa. Ukinunua kwa yadi au kampuni, yaani mtu ambaye kuuza magari ndio kazi yake, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inasema gari lazima iwe na ubora wa kuuzika, yaani ifae kutumika kama gari, hata kama hakuna mtu aliyetamka neno hilo. Na kama ulimwambia muuzaji unataka gari ya kazi fulani, mathalan ya kubeba mizigo kupanda Voi kila wiki, ukategemea ujuzi wake akakuchagulia, basi iifae kazi hiyo.

Lakini ukinunua kwa mtu binafsi, jirani yako anauza gari yake aliyokuwa akiendea kazini, ile kinga ya ubora haikufuati. Unabaki na mambo machache: gari iwe yake kweli na ilingane na maelezo aliyokupa, na asiwe amekudanganya. Kwa hivyo tangazo lake la kwanza, lile alilosema "haijawahi kugongwa", piga skrinshoti siku hiyo hiyo maana kesho litafutwa.

Na ujue kuna mtego ndani ya kifungu hicho hicho cha 16. Kama uliikagua gari kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha huwezi kuidai baadaye. Taa iliyovunjika, mlango usiofunga, sahau. Gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike kwa injini, ikiwa imeharibika na kufichwa kwa dawa ya kuziba, hiyo ni hadithi nyingine, hakuna anayeiona kwa kuzunguka gari mara mbili akipiga teke tairi.

Hatua ya 3: Soma mkataba, hasa ile sentensi ya mwisho

Karibu kila mkataba wa yadi una mstari unaosema mnunuzi ameichukua gari kama ilivyo mahali ilipo. Watu wakiona hiyo wanakata tamaa kabisa, na yadi inajua. Sasa sikia: Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, inasema maneno ya aina hiyo yanayojaribu kuondoa dhamana za kisheria ni batili mbele ya mtumiaji aliyenunua kwa mfanyabiashara. Sahihi yako haiyafufui. Sheria hiyo pia inakuruhusu kuvunja mkataba ulioingia kwa kudanganywa, ila utoe taarifa ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba.

Udanganyifu unaonekana zaidi kwa kilomita na mwaka wa gari. Omba nakala ya cheti cha eksipoti cha Japani, mle huwa kuna kilomita zilizorekodiwa, linganisha na dashibodi. Halafu fanya sachi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ni shilingi 550, uone mwenyewe na mwaka wa gari. Nimeona gari ya kilomita elfu sitini kwa dashibodi ambayo cheti kinaonyesha ilishapita laki moja na nusu bado iko Japani, kwani ilikuwa inarudi kinyumenyume?

Hatua ya 4: Ripoti ya fundi, si maneno ya fundi

"Fundi wangu alisema" haina maana kortini. Unataka karatasi yenye jina la fundi, tarehe, namba ya chesisi, kilomita, alichokiona, na la muhimu zaidi, kwa nini anaona kasoro ilikuwepo siku ya kununua. Kwa yule mwalimu niliandika kwamba ndani ya redieta kulikuwa na mabaki ya dawa ya kuziba yaliyokauka na kuwa magumu, na yeye risiti zake zote zilionyesha hajanunua dawa kama hiyo. Hiyo ndio iliyobeba kesi.

Weka pia makadirio ya matengenezo kutoka gereji mbili tofauti. Ukishaipokea gari na kuitumia, mara nyingi unachopata ni fidia, yaani tofauti kati ya thamani ya gari uliyopewa na ile uliyoahidiwa, kurudisha gari yenyewe ni vigumu zaidi. Kwa hivyo usiendelee kuiendesha miezi sita ukilalamika kwa watsapu tu.

Hatua ya 5: Barua ya madai

Fupi. Tarehe ya kununua, kiasi, kasoro, unachotaka, na muda, siku 14 zinatosha. Ambatanisha ripoti, tuma kwa imeili na upeleke nakala ofisini igongwe muhuri. Matusi weka kando, hata kama yanakutoka yenyewe. Yadi nyingi huanza kuongea hapo hapo kwenye barua, zikijua uko tayari.

Hatua ya 6: Mahakama ya Madai Madogo

Dai lako likiwa halizidi shilingi milioni 1, nenda huku. Angalia vizuri: kama unadai gharama ya gasketi na ufundi, shilingi 180,000 tuseme, hesabu ni hiyo 180,000 hata kama gari ilikuwa ya milioni mbili. Ukitaka bei yote ya gari kubwa irudi, hapo ni korti ya hakimu wa kawaida na utafute wakili.

Kwa Madai Madogo unaweza kujisimamia mwenyewe, unaweza kusema Kiswahili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kanuni za ushahidi hazikazwi sana, lakini kwa skrinshoti na video andaa cheti cha ushahidi wa kielektroniki cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ni ukurasa mmoja tu na unamnyima mpinzani la kubishania. Mwambie fundi wako mapema kuwa ataitwa, na umlipe siku yake, tafadhali.

Sambamba na kesi unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, wanapokea malalamiko ya watumiaji.

Gari mpya na gari ya mkopo

Gari mpya, soma kitabu cha waranti na fanya sevisi pale wanapotaka, na kila ukirudisha gari kwa shida ile ile dai karatasi ya kazi iliyoandikwa hiyo shida kwa maneno yako. Kenya hatuna sheria maalum ya kuhesabu umerudisha mara ngapi kama zile za majimbo ya Marekani, kwa hivyo hizo karatasi ndizo zitakazohesabu.

Na kama umenunua kwa mkopo, usiache kulipa benki eti kwa sababu gari ni mbovu. Benki haikukuuzia gari, itatuma dalali achukue gari, na ushahidi wako utaondoka kwa breakdown saa kumi na moja asubuhi ukiwa bado kwa shuka.