Kuitambua Pikapu Kongwe ya Gitaa la Umeme Isiyojulikana

Pikapu, yaani kifaa cha sumaku na waya kinachogeuza mtetemo wa nyuzi za gitaa kuwa umeme, ikishatolewa kwenye gitaa lake hujieleza zaidi kwa upande wa chini kuliko upande unaotazama nyuzi. Igeuze, ipige picha pande zote penye mwanga wa kutosha, na usikwangue wala kufungua chochote, kwa kuwa lehemu ya kiwandani ikishayeyushwa, ushahidi wake umepotea.

Hesabu koili kwanza, yaani mafungu ya waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Pikapu ya koili moja ya Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, haina bamba la chuma: ina vijiti sita vya sumaku vilivyoshikwa na vipande viwili vya faiba (bamba gumu jembamba linalofanana na kadibodi), na waya umezungushwa juu ya vijiti hivyo. Faiba ya chini iliyokuwa nyeusi ilibadilishwa kuwa ya kijivu kati ya 1964 na 1965, na kipindi hichohicho waya wenye mng'ao wa dhahabu ukaacha nafasi kwa ule wa kahawia iliyokolea inayoelekea zambarau. Tazama pia urefu wa vijiti, kwani hadi 1974 havikulingana.

Pikapu ya koili mbili ya kampuni ya Gibson inahitaji subira zaidi. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliiombea hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1955, ikaanza kufungwa kwenye magitaa 1957, na baadaye ikapata kibandiko kidogo cheusi chenye maneno "PATENT APPLIED FOR", yaani "hataza imeombwa". Kuanzia takribani 1962 kibandiko kilibeba namba 2,737,842, ambayo kwa hakika ni ya hataza ya mpiga gitaa Les Paul ya kishikio cha nyuzi. Hataza ya Lover, iliyotolewa 1959, ni 2,896,491. Kwa hiyo namba hiyo isiyolingana na kifaa haimaanishi kuwa pikapu ni bandia. Hata hivyo, mimi hukiacha kibandiko kiwe shahidi wa mwisho, kwa sababu kukichapisha upya ni kazi rahisi mno. Chunguza kwanza bamba la chini, ambalo ni aloi ya shaba, nikeli na zinki na halipaswi kunata kwenye sumaku ukiligusisha ukingoni, mbali na sumaku ya pikapu yenyewe. Kisha angalia waya wa kutokea, ambao kwa pikapu hizo ni mmoja tu, uliovikwa wavu wa chuma. Nyaya nne za rangi mbalimbali humaanisha pikapu ya baadaye au iliyobadilishwa. Ikiwa kifuniko kilishaondolewa na mtu mwingine, herufi T iliyo juu ya bobini (kiunzi kinachozungushiwa waya) huonyesha toleo lililoanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1960.

Multimita, kifaa cha kupimia umeme, ije baada ya macho. Pikapu za Stratocaster za zamani husoma ukinzani wa karibu kilo-omu 5.5 hadi 6.5, na zile za Lover karibu 7 hadi 9, lakini ukinzani wa shaba hupanda kwa takribani asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja, kiasi kwamba pikapu inayosoma 7.50 kwenye nyuzijoto 20 itasoma karibu 7.85 kwenye nyuzijoto 32. Andika joto la chumba kando ya kila kipimo.

Multimita isiposoma chochote, waya umekatika mahali fulani, mara nyingi pale unapoungana na waya wa nje. Mwombe fundi achunguze kiungo hicho kabla ya kufikiria kuzungusha koili upya, maana waya wa awali ukitolewa, nusu ya utambulisho wa pikapu hiyo huenda nao.