Anzia mwishoni mwa neno

Ukipewa karatasi ya hospitali iliyojaa Kiingereza, tazama neno linavyoishia. Likiishia na -itis, kuna kiungo chenye mchochota, yaani kimevimba na kuwaka: gastritis ni tumbo, hepatitis ni ini, arthritis ni maungio. Si lazima yawe maambukizi, kwa hiyo usikimbilie antibiotiki.

Makini zaidi iwe kwenye fomu ya upasuaji, kabla hujatia sahihi. -ectomy ni kukata na kuondoa. Hysterectomy, kwa mfano, ni kuondoa mfuko wa uzazi. -otomy ni kupasua. Ikiongezwa s, ikawa -ostomy, ni kutengeneza tundu, kama colostomy, ambapo choo hutokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. Ukiona -ectomy, muulize daktari: kinaondolewa chote au sehemu tu?