SOMO: Drag-u-la ya babu wa The Munsters kwa kadibodi

Wakuu, wengi wakitajiwa magari ya The Munsters, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani ya familia ya mazimwi, hukimbilia lile refu la familia. Mimi nasema anza na la babu. Ni jeneza, na kuta za jeneza zimenyooka, hakuna bodi la kupinda.

Lilitoka karakana ya George Barris, California, kwa ajili ya kipindi kimoja cha tamthilia hiyo, mwaka 1965: Herman, baba wa familia, anashindwa mbio, gari la nyumbani linachukuliwa, na babu (Al Lewis) anaunda hili ili kulikomboa. Fundi Richard Korkes alisimulia kwamba jeneza haliuzwi bila cheti cha kifo, basi wakaacha fedha taslimu na kulikuta jeneza limewekwa nje. Sisi tunatumia boksi la viatu.

Hatua ya 1. Jeneza la mtu mzima ni kama mita 2, kwa hiyo kwa kipimo cha 1/25 kata kitako cha sentimita 8. Mabegani sentimita 2.6, miguuni 1.4. Kuta ziwe na kimo cha 1.6. Miguuni ndiko mbele.

Hatua ya 2. Matairi. Nyuma gari lilivaa matairi mapana ya mashindano, yasiyo na kashata, hivyo chukua vifuniko vya chupa za maji na uvisugue kwa msasa mpaka mistari yote iishe. Usiruke hapa, mistari ikibaki, kila mtu ataona kifuniko cha maji. Mbele weka vifungo vya koti, vyembamba. Katikati ya kila tairi chora buibui wa rangi ya fedha.

Hatua ya 3. Injini halisi ilikuwa V8 ya Ford, na ekzosi zake zilikuwa mabomba ya kinanda cha kanisani. Kata mirija myembamba, minne kila upande, ncha ziwe za mshazari.

Hatua ya 4. Rangi ya dhahabu, makoti mawili mepesi. Shanga za shaba kwenye pembe ndizo taa.

Hatua ya 5. Mbele kabisa simamisha jiwe la kaburi. Kwa ncha ya sindano andika Kiingereza kama kilivyo: "Born 1367, Died ?". Aliyebuni hilo alistahili nyongeza ya mshahara.

Hatua ya 6. Dereva anakaa nyuma ya injini chini ya kuba angavu. Pakiti tupu ya vidonge vikubwa inatosha.

MASWALI

Swali: Mkuu, kuba langu limeingia ukungu mweupe, nimelifuta wapi!
Jibu: Umetumia supaglu. Mvuke wake ndio unaong'ang'ania plastiki, na hautoki. Mimi niliharibu mawili kabla ya kuelewa. Tumia gundi nyeupe ya shule, uiache usiku kucha.

Swali: Huyo babu alikuwa mzee kweli au ni vipodozi?
Jibu: Vipodozi. Al Lewis alizaliwa 1923, ila mwenyewe alipenda kusema 1910. Lily, aliyeigiza binti yake, ni Yvonne De Carlo wa 1922! Mwaka 1998 Lewis aligombea ugavana wa New York kwa chama cha Green, akapata kura zaidi ya 52,000. Alifariki 2006.

Swali: Na lile la familia utatufundisha lini?
Jibu: Lile ni mabodi matatu ya Ford Model T yaliyounganishwa, futi 18, kabureta 10 juu ya injini, na nakshi za chuma kila mahali. Nimeshakata bodi mbili. Nipeni muda.

Swali: Mama mkwe kaliona mezani, kasema jeneza haliwekwi sebuleni.
Jibu: Shikamoo yake. Lipeleke chumbani, na jiwe la kaburi uligeuzie ukutani.