Jinsi ya kupima uvumi wa muuaji wa Lincoln katika klabu ya historia

Kwa walimu wa sekondari Uganda: kipindi kimoja kinatosha. Bandika manila mbili ubaoni, moja ya hadithi, nyingine ya ushahidi.

Anza na hadithi. Inasemwa kwamba John Wilkes Booth, aliyemuua Rais Abraham Lincoln wa Marekani mwaka 1865, alitoroka, akaishi kwa jina la David E. George, akajiua kwa sumu huko Enid, Oklahoma, mwaka 1903. Mwili wake uliokaushwa ulizungushwa kwenye maonyesho kwa kiingilio. Waulize wanafunzi: nani alipata pesa hapo? Wape muda wa kutosha, maana wengi hurukia jibu.

Kisha ushahidi. Booth alipigwa risasi shingoni tarehe 26 Aprili 1865, katika ghala la tumbaku lililokuwa likiwaka, shambani kwa Garrett, Virginia. Maiti ilikaguliwa kwenye meli ya Montauk. Mkononi palikuwa na chale ya herufi J.W.B., na shingoni kovu alilolitambua Dkt. John Frederick May, aliyewahi kumtoa uvimbe mahali hapo.

Kosa la kawaida ni kuficha udhaifu. Usifiche: maiti ilizikwa kwa siri, ikarudishwa kwa familia mwaka 1869 tu, na May mwenyewe kwanza alisema haifanani na Booth. Hapo ndipo uvumi uliota mizizi. Mwaka 1995 mahakama ya Baltimore ilikataa kaburi lifukuliwe.

Malizia kwa kila kundi kuandika: ni ushahidi gani ungenibadilisha mawazo?