Kuchagua mimea ya asili inayovumilia kiangazi kwa bustani ya nyumbani Uganda

Ukitaka kujua kama bustani ilipangwa vizuri, iangalie Februari. Huku kwetu Tororo na Busia mvua hupungua kuanzia Desemba, na bomba likikauka hakuna mama atakayemwagia maua jerikani ya lita 20 huku watoto wakisubiri maji ya kuoga. Kazi yangu ni kupanda bustani za watu, na kila mteja namwambia achague mimea kwa kufikiria Februari. Aprili kila kitu ni kijani, hata kile kinachokaribia kufa.

Hatua ya 1: Ijue mvua yako na udongo wako

Kusini mwa Uganda na kandokando ya Ziwa Victoria mvua huja mara mbili: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba au mwanzo wa Desemba. Kaskazini, pande za Gulu na Kitgum, msimu ni kama mmoja mrefu, Aprili hadi Oktoba, halafu jua kali la miezi. Karamoja ni kukavu zaidi. Kwa hiyo mmea uliostawi kwa shemeji yako Entebbe unaweza kukufia Moroto.

Kisha chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakinywewa lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakilala hadi kesho yake, hapo usipande mshubiri (aloe) wala mkonge, utaoza mizizi. Yakipotea upesi, mimea hiyo itapapenda, ila miti utaichanganyia samadi iliyooza vizuri.

Hatua ya 2: Uliza mmea ni wa asili ya wapi hasa

Hapa ndipo wengi hukosea. Mafunjo ni ya asili ya Uganda kabisa, lakini yamezoea kusimama ndani ya maji. Mulamula, ule ambao Waganda huupanda mipakani mwa mashamba, umezoea kivuli cha msitu. Ukiuweka kwenye jua la mchana kutwa, majani yataungua. Tazama mmea unaota wapi bila kutunzwa na mtu. Ukiukuta juu ya mwamba, kwenye kichuguu au kwenye mbuga kavu, huo una nafasi nzuri ya kuvumilia uwanja wako.

Na kuvumilia ukame peke yake hakutoshi. Lantana, ambayo Waganda huiita kayukiyuki, haiogopi jua, lakini ilitoka Amerika ya kitropiki na ndege huzisambaza mbegu zake kila mahali. Senna spectabilis yenye maua ya manjano pia ilitoka huko, na sasa imevamia misitu ya Budongo na Kibale. Nakuomba usipande hata mmoja, hata ukipewa bure. Bougainvillea nayo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ila haitoroki uani kwa namna hiyo. Kama unayo tayari, iache.

Hatua ya 3: Chagua kwa kazi, si kwa rangi tu

Uzio: chaguo langu la kwanza ni muyonza (Carissa). Una miiba mikali, majani hayapukutiki, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda meusi ambayo watoto hawayaachi. Hukua polepole, kwa hiyo usiupande ukitarajia uzio mwaka huu. Panda kila nusu mita na uwe unakata ncha ili utanuke chini. Mnyaa ni mwepesi zaidi, unachomeka kijiti tu kikashika, lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa. Penye watoto wadogo siupandi.

Kivuli: nsambya (Markhamia lutea) kwa kiwanja cha kawaida. Mizizi yake huenda chini kutafuta maji, na maua yake ya manjano hupendeza. Uweke mita tano au zaidi kutoka ukutani. Mutuba, mti wa vitambaa vya magome, ninaupenda sana na ni urithi wetu, lakini mizizi yake ni mikubwa mno kwa kiwanja kidogo. Uache kwa mwenye shamba.

Maua: mwambangoma (jirikiti kwa Luganda) hutoa maua mekundu kiangazi, mara nyingi ukiwa hauna jani hata moja. Hakuna mti unaonifurahisha kama huo mwezi wa Januari. Huota kwa kuchomeka tawi nene, ila mbegu zake nyekundu zina sumu, waonye watoto. Chini yake panda mshubiri aina ya Aloe dawei: kata tawi, liache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha lichomeke. Ongeza kifumufumu (Leonotis), na ndege wadogo waitwao chozi watakuja wenyewe kunyonya maua yake ya rangi ya chungwa. Mmea huo hufa baada ya kutoa mbegu, lakini mbegu humwagika na kuota tena.

Hatua ya 4: Usichimbe porini

Mwamba wetu wa Tororo una mshubiri wake, Aloe tororoana, ambao haujulikani kuota penginepo duniani. Kila mche unaong'olewa pale ni hasara isiyolipika. Tena biashara ya kimataifa ya mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera, inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Omba kipandikizi kwa jirani, au nunua kitaluni na umuulize mwenyewe alikoupata. Kwa mbegu za miti ya asili, kuna Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti, Namanve. Ukifika Fort Portal, pita Tooro Botanical Gardens uone mimea ya asili ikiwa imekua.

Hatua ya 5: Panda mvua ikianza, kisha ufundishe mzizi

Panda mvua ikishashika, si mwishoni mwake, ili mche upate wiki nyingi za kujijenga. Acha kisahani cha udongo kuzunguka shina kishike maji. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita tano hadi nane, zisiguse shina. Penye mchwa wengi, zikague mara kwa mara. Kwa mishubiri tumia kokoto badala ya nyasi.

Kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi ya kuzama, jioni. Kikombe kimoja kila siku hubaki juu, na mizizi hubaki juu pamoja nayo. Mishubiri ipe maji mara chache kuliko hapo, hata kila wiki mbili.

Kiangazi cha pili anza kuacha. Mche ukinyauka saa nane mchana, usikimbilie jerikani. Nenda uuangalie alfajiri: ukiwa umesimama, uache, ukiwa bado umelala, upe maji ya kutosha kisha subiri wiki nyingine.