Kabla Hujaingia kwa Daktari Bingwa

Maradhi yangu ni ya viungo, na yamenipitisha kwa mabingwa wa viungo, wa moyo na wa figo. Unasubiri miadi miezi, halafu unaingia na kutoka kiti hakijapata hata joto. Muda wa daktari siwezi kuuongeza, kwa hiyo najipanga mwenyewe.

Barua ya rufaa isome kabla hujaondoka kwa daktari aliyeiandika. Yangu ilisema "maumivu ya viungo", basi. Kwa barua kama hiyo nani atakuharakisha? Niliomba iandikwe upya: vidole vya mikono yote miwili vinavimba, ugumu wa asubuhi unazidi saa moja, kipimo cha CRP, cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, kiko juu. Hayo ndiyo yanayoweza kumfanya anayepanga miadi asogeze jina lako. Mapokezi nao waambie uko tayari kuitwa ghafla mtu akiahirisha.

Ila kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na homa ikapanda, usingoje miadi yoyote. Nenda dharura siku hiyohiyo, maana huenda ni maambukizi ndani ya kiungo.

Sasa maneno ya kwanza chumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwenye kliniki za Marekani, ulikuta kwamba nusu ya wagonjwa waliokatizwa walikatizwa ndani ya sekunde 11, na kwamba mabingwa walikuwa nyuma ya madaktari wa kawaida katika kumuuliza mgonjwa kilichomleta. Sekunde 11! Hata salamu zinakula zaidi. Kwa hiyo sianzi na historia. Naandika sentensi moja na kuikariri: "Daktari, tangu mwanzo wa mwaka, nikiamka siwezi kufunga vifungo vya shati mpaka saa nzima ipite, na nataka kujua kama hii ni baridi yabisi." "Inauma sana" kila mgonjwa anasema. Vifungo vinampa muda wa ugumu, mahali na kiasi cha ulemavu kwa pamoja.

Piga picha uvimbe ukiwa umekolea, kwa sababu siku ya kliniki vidole hujifanya malaika.

Dawa ndiyo sehemu inayonikera kuliko zote. Bingwa mmoja aliniandikia diklofenaki, dawa ya maumivu, ilhali mwenzake, jengo hilohilo, alikuwa ameshanipa vidonge vya presha pamoja na vya kupunguza maji mwilini. Diklofenaki na ndugu yake ibuprofeni zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na zikikutana na baadhi ya dawa hizo hatari inazidi. Hakuna aliyejua mwenzake ameandika nini. Mimi ndiye niliyekuwa na pakiti zote mkobani. Beba zako zote, pamoja na za kununua bila cheti na mitishamba, uzimwage mezani kabla kalamu haijagusa karatasi. Ukipewa methotreksati kwa ajili ya viungo, hakikisha siku ya kunywa imeandikwa kwenye boksi: ni mara moja kwa wiki, na kuinywa kila siku kunaweza kuua.

Akikukatiza, sema kwa upole lakini usinyamaze: "Samahani daktari, naomba nimalizie jambo moja." Akikwambia vipimo viko sawa, usishukuru ukaondoka. Muulize ni ugonjwa gani ameshahakikisha huna, na upi bado anaufikiria. Kipimo cha RF, cha damu cha kutafuta baridi yabisi, kwa mfano, kinaweza kutoka hasi na baridi yabisi ikawepo. Wapo wanaonuna ukiuliza hivyo. Wanune, mwenye vidole ni wewe.

Kabla ya kufungua mlango, pata majina na tarehe: nani atasoma majibu, lini, na usipopigiwa simu umtafute nani. Usikubali ile ya "tutakujulisha" isiyo na mwenyewe. Omba nakala ya kila kipimo. Kwa eksirei au MRI, omba picha zenyewe kwenye CD pamoja na ripoti, kwa sababu ukitaka maoni ya bingwa mwingine, ataomba kuziona kwa macho yake, na bila hizo unaweza kuambiwa urudie kipimo.