Kubadili taa za nyumbani kuwa LED: anza na zinazowaka muda mrefu

Kabla hujaenda dukani, zunguka nyumba nzima na karatasi. Andika kila taa ina wati ngapi, holda yake ni ya pini au ya skrubu, na inawaka saa ngapi kwa usiku mmoja. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia. Globu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 yenye mwanga uleule inakula 1.35. Globu ya wati 60 ya uani inayokesha saa 12 ndiyo mlaji mkubwa: uniti 21.6 kwa mwezi, taa moja tu. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa kundi la D1 (matumizi madogo ya nyumbani), ambaye akivuka uniti 75 kwa mwezi bei inapanda, hiyo peke yake inamaliza zaidi ya robo ya kiwango chake.

Enaji seva (ile ya mrija wa kioo uliopinda) ya wati 14 iache iendelee mpaka ife. Kuibadili kwa saa 5 za usiku kunaokoa chini ya uniti moja kwa mwezi, na pesa hiyo ina kazi kwingine.

Dukani, soma lumeni (kipimo cha mwanga) kwanza, wati baadaye. Badala ya globu ya wati 40 tafuta lumeni 450 hivi, badala ya wati 60 tafuta 800, na badala ya wati 100 tafuta 1,500. Kama boksi halina lumeni kabisa, lirudishe kwenye rafu. Kisha soma namba ya K, yaani rangi ya mwanga: ndogo ni ya manjano, kubwa ni nyeupe. Kwa chumba cha kulala na sebule chukua 2700 K hadi 3000 K, jikoni 4000 K. Watu wengi hununua 6500 K kwa sababu dukani inaonekana kali, kisha wanalalamika kuwa chumba kimekuwa kama wodi. Kama umeme wa mtaani kwenu hushuka jioni, chagua inayokubali volti 100 hadi 240. Ya nje iwe na alama ya IP65, au iwekwe ndani ya kava isiyopitisha mvua.

Wakati wa kubadili, zima meinswichi. Usitegemee swichi ya ukutani. Subiri globu ipoe. Ya pini isukume ndani kidogo, izungushe kushoto, itoke. Enaji seva ishike kwenye plastiki, kamwe si kwenye kioo, maana ndani mna zebaki. Ikivunjika fungua madirisha, toka chumbani kwa dakika 15, kisha kusanya vipande kwa kadibodi na utepe wa gundi. Usitumie ufagio.

Sasa itazame holda, hatua ambayo wengi huiruka. Joto la globu za zamani hukausha plastiki na kulegeza chemchemi za pini. Pini isiposhika vizuri hutoa cheche, LED inachezacheza, na sakiti iliyo ndani yake inakufa mapema. Ukiona weusi au plastiki inayomeguka, badili holda.

Tyubu za futi 4 zinahitaji uangalifu zaidi. Ya zamani ni wati 36, na choki (kifaa cha ndani ya fremu kinachodhibiti umeme wa tyubu) nayo inaongeza wati kadhaa. Ya LED ni 18 hivi. Kwenye fremu yenye choki nzito ya chuma, toa stata (kile kikopo kidogo cha kuwashia tyubu) ya zamani na uweke ile iliyokuja na tyubu ya LED. Choki ikiwa ya elektroniki, au ukitaka kuiondoa kabisa, mwite fundi aunganishe umeme moja kwa moja. Hapo lazima asome alama za tyubu: nyingine hupokea nyaya zote mbili upande mmoja, na ukigeuza upande unaweza kupiga shoti. Fremu ikishabadilishwa, iandikwe kwa kalamu nene "LED TU", ili mtu asije akarudisha tyubu ya zamani.

Taa ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, usidharau. Huenda ni swichi yenye kitaa kidogo cha ndani, ambacho hupitisha umeme kiasi. Hiyo ni rahisi, kitaa kinaondolewa. Lakini huenda swichi imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Globu ya zamani ilificha kosa hilo kwa sababu umeme mdogo hauiwashi. Maana yake holda ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na anayebadili taa anaweza kupigwa shoti. Fundi apime kwa testa na kugeuza nyaya.

Zinazokufa baada ya miezi michache mara nyingi zimefungiwa ndani ya kava ya kioo isiyo na tundu. LED hutoa joto kwenye kitako, na joto likikosa pa kutokea huua kapasita, kijisehemu cha sakiti kinachohifadhi umeme. Kwa kava za namna hiyo, nunua iliyoandikwa kuwa inafaa kufungiwa, au chukua ya wati ndogo zaidi.